Yowe la Moto Lisifungiwe Chumbani

Jioni ya tarehe 7 Januari, 2025, saa 12 na dakika 18, moto ulianza katika bonde la Eaton, juu ya mji wa Altadena, Kaunti ya Los Angeles, nchini Marekani. Upepo ulivuma kwa nguvu hata ndege za kumwaga maji zikashindwa kuruka. Wakazi wa mashariki ya mji walipewa amri ya kuhama mapema usiku ule. Wenzao wa magharibi, ng'ambo ya barabara iitwayo Lake Avenue, hawakupata amri hiyo mpaka saa 9 na dakika 25 usiku, yaani saa tisa nzima baada ya moto kuanza. Watu 19 walipoteza maisha katika moto huo, na karibu wote walikuwa wa upande wa magharibi.

Jambo linaloumiza ni kwamba habari haikukosekana. Kabla ya saa sita usiku wananchi walikuwa wamekwisha kupiga simu kueleza kwamba moto umefika katika mitaa ya magharibi. Ripoti iliyoagizwa na kaunti yenyewe, ikatolewa Septemba 2025, ilitaja taratibu za kutoa tahadhari zilizopitwa na wakati na zisizofuatwa kwa namna moja. Tena tarehe 9 Januari, moto ungali unawaka, wakazi karibu milioni 10 waliletewa katika simu zao tahadhari ya kuhama iliyokusudiwa eneo moja tu. Basi waliostahili kuonywa walichelewa kuonywa, na wasiohusika wakatiwa hofu.

Katika siku zile zile, watu wengi wa Los Angeles walipata habari kwa njia nyingine. Katika simu zao waliweka programu iitwayo Watch Duty, iliyoanzishwa mwaka 2021 katika Kaunti ya Sonoma na shirika lisilotafuta faida. Zaidi ya watu milioni moja waliipokea katika muda wa siku chache. Siri ya chombo hicho si mashine ya ajabu. Ni watu, wengi wao wa kujitolea, wakiwamo zimamoto wastaafu, wanaokaa usiku na mchana wakisikiliza redio za upepo za vikosi vya zimamoto, kisha wakaandika kwa lugha nyepesi moto umefika wapi na barabara ipi imefungwa.

Chombo wanachotumia huitwa skana. Ni redio ya kupokea tu, haiwezi kusema. Hupita katika masafa mengi moja baada ya jingine kwa kasi, na penye sauti husimama. Anayeisikiliza husikia kituo kikiita magari, kikitaja mtaa na aina ya ajali, na kamanda aliyefika akieleza anachokiona. Kwa sikio la mgeni ni makelele na namba tupu, bali kwa aliyezoea ni ramani.

Desturi hii si ya jana. Mji wa Boston ulikuwa wa kwanza kuweka mtambo wa simu za waya wa kutangaza moto, mwaka 1852, na tangu zamani mji huo umekuwa na vyama vya raia wapenzi wa zimamoto. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walianza kuelekeza magari yao kwa redio. Mwaka 1938 mpiga picha wa New York, Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipata kibali cha kuweka redio ya polisi garini mwake, na mara nyingi alifika penye tukio kabla ya askari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ilihakikisha haki hiyo: mawasiliano ya polisi na zimamoto yanayoweza kupokewa na umma kwa urahisi si kosa kuyasikiliza. Majimbo machache, kama New York na Florida, huzuia chombo hicho kuwekwa garini bila kibali, lakini nyumbani mtu ni huru.

Sasa mlango huo unafungwa. Redio za kisasa za tarakimu zina uwezo wa kufumba sauti kwa msimbo, asiyekuwa na ufunguo asisikie neno. Mwezi Oktoba 2020, Idara ya Sheria ya California iliagiza vikosi vya polisi kulinda habari za siri za raia zinazotajwa redioni, na vingi vikaona njia rahisi ni kufumba kila kitu. Mwaka 2022 Chicago ilianza kuchelewesha sauti za polisi kwa dakika 30 kabla ya umma kuzisikia. Polisi wa New York walianza kufumba masafa yao mwaka 2023. Vikosi vingi vya zimamoto bado viko wazi, lakini mara nyingi hutumia mitambo ile ile pamoja na polisi, na hoja iliyowashinda polisi kesho itaelekezwa kwao.

Hatuna budi kukiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Gari la wagonjwa linapoitwa, redio hutaja nyumba na maradhi, na hakuna anayependa ugonjwa wa mama yake uwe simulizi ya mtaa. Wapo pia wanaokimbilia penye moto kutazama na kuziba njia. Wapo wanaotangaza uvumi. Aprili 2013, wakati polisi wa Boston wakiwasaka waliotega mabomu katika mbio za marathoni, maelfu ya watu walisikiliza skana, na majina ya watu wasiohusika yakaenezwa kwa madai kwamba yametajwa redioni. Dhuluma hiyo haiwezi kupuuzwa.

Lakini ugonjwa wa kidole hautibiwi kwa kukata mkono. Habari za mgonjwa zinaweza kupelekwa kwa simu au kwa maandishi katika kioo kilichomo garini, na wito wa moto ukabaki wazi. Mji wa Palo Alto, California, ulifumba redio ya polisi wake Januari 2021, na mwaka 2022 ukaifungua tena kwa kuweka taratibu za kulinda majina na namba za watu. Iwapo polisi, wenye wahalifu wa kuwaficha mambo, wameweza hivyo, zimamoto atashindwaje? Moto hausikilizi redio. Hauna masikio ya kuyajua maneno ya kamanda ukabadili njia.

Isitoshe, kufumba kuna hatari kwa zimamoto wenyewe. Januari 2025 vikosi vilivyokwenda kusaidia Los Angeles vilitoka majimbo mengine, na hata Canada na Mexico. Palipo na funguo za msimbo, kila mgeni lazima apewe ufunguo kabla hajaweza kusikia amri ya kurudi nyuma. Marekani inajua gharama ya amri isiyosikika. Tarehe 11 Septemba 2001 zimamoto 343 wa New York walikufa, na uchunguzi uliofuata ulionyesha udhaifu mkubwa wa mawasiliano ya redio ndani ya majengo yale. Umma ulipata kusikia sehemu kubwa ya kanda za siku hiyo mwaka 2005 tu, baada ya gazeti moja kushitaki na mahakama kuamua. Masafa yakifumbwa, uchunguzi wa kila msiba utategemea hisani ya mwenye kanda.

Hatudai kwamba skana ingaliwaokoa wote wa Altadena. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee, na wengine walikuwa na ulemavu, na mzee asiyeweza kutembea hahitaji redio bali gari na mikono ya kumbeba. Wala kazi ya kutoa tahadhari haipaswi kuachiwa watu wa kujitolea. Serikali inayokusanya kodi ndiyo yenye wajibu. Tunachosema ni kwamba njia moja ya habari, hata iwe ya wakubwa, inaweza kusinzia, na ile ya pili huamsha walio ndani. Kuifunga ya pili kabla ya kuirekebisha ya kwanza ni kuwaacha wananchi gizani mara mbili.

Wahenga wetu walisema kawia ufike, nao walimwambia msafiri. Kwa habari ya moto, aliyekawia hakuti nyumba, na nusu saa ya kuchelewesha sauti yatosha kuuteketeza mtaa. Katika vijiji vyetu nyumba ikiwaka hupigwa yowe. Halipigwi kwa mjumbe peke yake ili yeye apime nani ajulishwe. Hupigwa kwa kila mwenye sikio, na mwenye sikio huja na ndoo, au humshika mtoto wake akatoka. Redio ya zimamoto ni yowe la miji mikubwa. Wenye mamlaka huko Marekani wafiche jina la mgonjwa, wamwadhibu mzushi, waondoe watazamaji barabarani. Yowe lenyewe waliache lisikike.