Chakula cha Mababu ni Kipi Hasa?

Mgonjwa wa kisukari mjini Mombasa akishauriwa apunguze mahamri na viazi karai, hulalamika kwamba ananyimwa chakula cha mababu. Kwa maoni yangu, dai hilo halina msingi.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka wa 1331, aliandika kwamba wenyeji walikula zaidi ndizi na samaki. Nafaka waliletewa kutoka nje ya kisiwa. Viazi, muhogo, mahindi na hata pilipili za kachumbari havikujulikana huku. Asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari katika karne zilizofuata kufika kwa Wareno mwaka wa 1498. Chapati nayo ni ya Wahindi.

Basi jiko la Pwani limebadilika mara nyingi bila kupoteza Uswahili wake. Mbona iwe ajabu likibadilika kwa ajili ya afya? Mbaazi, kunde, mchicha na samaki wa kuchoma vimejaa Marikiti, na tui likiwa jepesi ladha haipotei. Ninacholaumu mimi ni unga mweupe wa kila siku, na chai ya vijiko vitatu vya sukari asubuhi, alasiri na usiku. Biriani ya arusi sina ugomvi nayo.