Kiti ni cha Wapiga Kura

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Msemo huu wa wazee wetu hutamkwa na wengi, na wachache huutimiza. Leo tunapenda kuupima kwa habari ya wilaya moja ndogo ya uchaguzi katika mji wa Atlanta, Jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wilaya hiyo iliitwa Wilaya ya 136, na wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani Weusi. Katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu, yaani kuanzia Juni 1965 hata Novemba 1966, wapiga kura wake walimchagua mtu yule yule mara tatu kuwa mjumbe wao, na mara hizo zote hakuwa ameruhusiwa bado kukalia kiti chake. Habari hii ni ya nchi ya mbali, lakini swali lililo ndani yake ni letu sote: kiti cha uwakilishi ni mali ya nani?

Ili tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe, yatupasa kurudi nyuma karibu miaka mia moja. Katika 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, watu Weusi wa Georgia walipiga kura na kuingiza watu wao katika Bunge la jimbo hilo. Haikupita miezi mingi. Septemba mwaka ule ule wajumbe Weupe walipitisha azimio kwamba sheria ilimpa Mweusi haki ya kuchagua, lakini haikumpa haki ya kuchaguliwa. Kwa hoja hiyo wajumbe Weusi zaidi ya ishirini wakafukuzwa. Katika 1870 walirudishwa kwa nguvu ya Serikali Kuu, lakini mlango uliofunguliwa ulizidi kubanwa mwaka hata mwaka, na kuanzia 1907 hapakuwa tena na mjumbe Mweusi hata mmoja katika Bunge la Georgia.

Hiyo ilikuwa njia ya kwanza ya kumpokonya mnyonge kura yake, nayo ni kumfukuza aliyemchagua. Njia ya pili ilikuwa ya ujanja zaidi, kwa maana ilifanyika kwa hesabu. Chama cha Democratic ndicho kilichotawala Georgia, hata ikawa atakayeshinda kura za maoni ndani ya chama hicho ameshinda uchaguzi wenyewe. Basi mpaka 1946 kura hizo zilikuwa za Weupe watupu. Tena, hata Weusi walipoanza kuzipiga, hazikuhesabiwa kwa vichwa. Kila kaunti ilipewa alama: kaunti nane kubwa alama sita kila moja, thelathini zilizofuata alama nne kila moja, na zilizobaki 121 alama mbili kila moja. Kaunti ya Fulton, uliko mji wa Atlanta, ilikuwa na watu 556,326 katika hesabu ya 1960, na kaunti ya Echols ilikuwa na watu 1,876. Fulton ilipata alama sita, Echols mbili. Maana yake, alama moja ya Echols ilisimama kwa watu 938, na alama moja ya Fulton kwa watu 92,721. Mfanyakazi wa mjini, awe Mweupe au Mweusi, alipiga kura yake vizuri, ikahesabiwa vizuri, na bado haikuwa na uzito.

Twawaomba wanachama wayatazame sana maneno haya, kwa sababu dhuluma hiyo haikufanywa siku ya uchaguzi mkuu mbele ya macho ya wote. Ilifanywa ndani ya chama, katika kanuni za uteuzi, mahali ambapo watu wengi hawaangalii.

Mwezi Machi 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivunja hesabu hiyo, ikasema kwamba kila mtu ana kura moja, na kura zote ni sawa. Juni 1964 ikaongeza kwamba mabunge ya majimbo nayo lazima yagawanywe kwa kufuata wingi wa watu. Kaunti ya Fulton, ambayo zamani ilikuwa na wajumbe watatu tu katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 205, ikapewa wilaya nyingi mpya. Wilaya ya 136 ilizaliwa hapo, na uchaguzi wake ukafanyika Juni 1965.

Mtu aliyejitokeza alikuwa Julian Bond, kijana wa miaka 25, aliyekuwa akishughulikia habari katika ile kamati mashuhuri ya wanafunzi waliopinga ubaguzi pasipo kutumia nguvu. Kamati hiyo haikuwa ngeni kwa Afrika Mashariki: vijana wake walikutana na Bwana Oginga Odinga wa Kenya alipofika Atlanta Desemba 1963, na mwenyekiti wao John Lewis alifika Nairobi mwaka uliofuata. Bond alikwenda mlango kwa mlango akiwauliza watu wanataka nini, na waliyomwambia aliyafanya kuwa madai yake: kima cha chini cha mshahara kiwe dola mbili kwa saa, na ifutwe ile sheria ya Georgia iliyodhoofisha vyama vya wafanyakazi kwa kuvikataza kupatana na tajiri kwamba wote wanaofaidika na mapatano wawe wanachama. Alipata kura 2,320, na mpinzani wake, ambaye naye alikuwa Mweusi, akapata 487.

Kabla Bunge halijakutana, ile kamati ya wanafunzi ilitoa tamko, Januari 6, 1966, la kupinga vita vya Vietnam, na kuwahurumia vijana wasiokubali kuandikishwa jeshini. Bond alipoulizwa na waandishi, alisema anakubaliana na tamko hilo. Hapo ndipo ikaja njia ya tatu. Januari 10, wajumbe walipokuwa wakila kiapo, yeye aliwekwa kando. Alikuwa tayari kuapa kuitii Katiba, lakini wenzake walisema kiapo chake hakiwezi kuwa cha kweli. Wakapiga kura: 184 wakakubali asiketi, 12 wakakataa. Wengi wa hao 184 walikuwa wa chama chake mwenyewe.

Wapiga kura nao hawakukaa kimya. Bond alipokwenda mahakamani hakwenda peke yake. Dakta Martin Luther King, ambaye alikuwa mkazi wa wilaya hiyo, alishtaki pamoja naye kama mpiga kura aliyenyimwa mjumbe, na pamoja nao mama mmoja mkazi wa hapo. Mahakama ya kwanza iliwakatalia, waamuzi wawili kwa mmoja. Gavana akaitisha uchaguzi wa kujaza kiti kilichoachwa wazi, na wilaya ikamrudisha Bond kwa kishindo. Mwezi Mei kamati ya Baraza ikamwita, ikamtaka ayakane maneno yake. Alikataa, naye akazuiwa tena. Ukaja uchaguzi wa kawaida wa Novemba 1966, na wilaya ikamchagua mara ya tatu.

Sasa tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Waliomzuia walikuwa na hoja. Walisema kila Baraza lina haki ya kupima sifa za wajumbe wake, na kwamba nchi iliyo vitani haiwezi kumvumilia mtunga sheria anayewatia moyo wasioitii sheria ya jeshi. Hoja hizo si za kuchekwa. Nidhamu ni uti wa mgongo wa chombo chochote, na sisi tulio katika vyama twalijua hilo kuliko wengi. Lakini sifa za mjumbe zilikuwa zimeandikwa: umri, ukaazi, uraia. Bond alikuwa nazo zote, wala hapakuwa na aliyebisha. Jambo alilopungukiwa ni kuwa na mawazo sawa na ya wale 184, na hilo halikuwa limeandikwa popote. Desemba 5, 1966, waamuzi wote tisa wa Mahakama ya Juu, kwa kauli ya mkuu wao Earl Warren, walikata shauri kwamba Baraza lilivunja Katiba. Hawakusema kama maneno ya Bond juu ya vita yalikuwa sahihi au la. Walisema kwamba mjumbe hawezi kupewa uhuru wa kusema ulio mdogo kuliko ule wa raia wa kawaida, maana kazi yake ni kusema. Januari 9, 1967 akaapishwa. Alidumu katika Bunge hilo, kwanza kama mwakilishi na kisha kama seneta, mpaka 1987.

Wengi huisimulia habari hii kama ushujaa wa Bond. Sisi twaona ushujaa mwingine uliosahauliwa. Katika kikao kizima cha 1966, watu wa Wilaya ya 136 walitungiwa sheria pasipo sauti yao, huku kodi wakilipa kama wengine. Yawezekana kabisa wako waliompigia kura ambao hawakuafiki alivyosema juu ya vita, kwa maana walimtuma kwa ajili ya mishahara na nyumba. Ingekuwa rahisi kwao kuchoka, wakatafuta mtu mwingine anayewapendeza wakubwa, wakapata kiti chao kwa amani. Hawakufanya hivyo. Walifahamu kwamba ukimkubalia mwingine akuchagulie mwakilishi mara moja, atakuchagulia siku zote.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, chama kina haki zake. Chaweza kumnyima mtu uteuzi, chaweza kumwonya, chaweza hata kumtoa katika safu zake kwa kufuata kanuni zilizoandikwa. Baraza nalo lina haki ya kulinda utaratibu wake. Lakini kiti kina wenyewe, nao ni wale waliopanga mstari wakakijaza. Mwakilishi akikosa, hukumu yake i mikononi mwao, na siku ya hukumu hiyo yajulikana. Anayeona kwamba mjumbe fulani amepotoka, na aende kwa wapiga kura awaeleze, awashawishi, ashindane naye kwa hoja. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo hana haki ya kuwapokonya walichokipata kwa kura zao.