Harufu ya choo cha kaseti haiondoki kwa kuongeza dawa

Fika jioni kwenye kambi yoyote ya magari-nyumba huko Ujerumani, Uholanzi au Ufaransa, ulalamike kwamba choo cha gari lako kinanuka, na ushauri utakuja haraka. Mmoja atakwambia uongeze dawa ya choo, maana kipimo chako ni kidogo. Wa pili atakusifia chapa anayotumia yeye. Wa tatu atasema choo kimezeeka, kitoe uweke kipya. Maneno haya nimeyasikia kwa wateja, kwa wauza spea, na hata kwa mafundi wenzangu wanaojua kazi. Nayapinga. Choo cha kaseti kinachonuka au kuvuja kwa kawaida kina ubovu unaoweza kushikwa kwa mkono: raba iliyokauka, magadi ya mkojo yaliyoganda, au tundu la hewa lililoziba. Dawa hailainishi raba wala haizibui tundu.

Kwa ambaye hajawahi kukitumia, choo hiki kina bakuli juu na tangi la plastiki chini yake. Tangi hilo ndilo kaseti. Huchukua kati ya lita 17 na 20, huchomolewa kupitia mlango mdogo ubavuni mwa gari, na kaseti nyingi zina mpini na magurudumu ya kuziburuta hadi mahali pa kumwagia. Katikati ya bakuli na kaseti kuna kilango cha plastiki kinachoteleza unapozungusha kitasa au kuvuta wenzo, na kilango hicho hubanwa na sili, pete ya raba yenye mdomo mwembamba. Kampuni ya Thetford ya Marekani, ambayo mwaka 1968 ilitoa choo cha kubeba kiitwacho Porta Potti, ilileta mfumo wa kaseti Ulaya katika miaka ya 1980. Siku hizi magari mengi ya Ulaya yana choo cha Thetford au cha Dometic ya Sweden, na tangu wakati ule umbo la ndani halijabadilika sana. Ndiyo maana maradhi yake ni yaleyale, na yanajulikana.

Tuanze na sili, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi huishia. Mimina maji safi kwenye bakuli, kina cha vidole viwili, kilango kikiwa kimefungwa. Usiyaguse hadi asubuhi. Maji yakiwa yamepungua au yamekwisha, basi mahali yalikopita maji usiku kucha ndiko harufu inakopanda. Jaribio hili halina gharama yoyote, na bado nakutana na watu waliokwisha kubadili chapa tatu za dawa kabla ya kulifanya. Hatua inayofuata ni kuchomoa kaseti, kuiosha, kuijaza maji nusu, kufunga kila kitu na kuilaza kifudifudi kwenye majani. Tone likitoka kuzunguka kilango, mhalifu amepatikana.

Toa sili uishike mkononi. Iliyo nzima ni laini, na ukiibonyeza kwa kucha inarudi ilivyokuwa. Iliyochoka ina michirizi myembamba kwenye ukingo, imekakamaa, na upande mmoja imebonyea pale kilango kilipoigandamiza majira yote ya baridi gari likiwa limeegeshwa. Mara nyingi utakuta pia chembe ngumu za rangi ya mchanga zimejibana chini ya mdomo wake. Kama raba bado ni laini, safisha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, ikaushe, kisha ipake mafuta ya silikoni kidogo. Kama imepasuka, weka mpya. Kwa kaseti nyingi ni kazi ya dakika chache juu ya meza. Usipake mafuta ya mgando yanayotokana na petroli, hata kama ndiyo yaliyo karibu, kwa kuwa huvimbisha raba za aina nyingi, na raba iliyovimba huanza kukwaruzwa na kilango kila kinapofunguliwa.

Zile chembe za rangi ya mchanga zinastahili maelezo, maana ndizo zinazowafanya watu waamini kwamba dawa yao ni dhaifu. Mkojo ukikaa, bakteria huvunja urea iliyomo na kutoa amonia. Amonia hupunguza uasidi wa mkojo, na hapo kalsiamu, magnesiamu na fosfeti huganda na kushikamana na plastiki. Pale ambapo maji ya bomba ni ya chumvi nyingi, ukoko hujijenga haraka zaidi. Ukoko huo una vinyweleo, na kaseti inaweza kuonekana safi machoni huku kuta zake zikiendelea kunuka. Humenya mdomo wa sili, na hukwamisha boya linaloonyesha tangi limejaa, hadi mtu anajaza kaseti bila kujua. Dawa ya choo, ile ya bluu, hupita juu yake bila kuuyeyusha. Kinachouyeyusha ni asidi nyepesi: siki nyeupe, au unga wa asidi ya sitriki uliokorogwa kwenye maji. Acha mchanganyiko ndani usiku kucha, tikisa, mwaga, suuza. Ukoko wa miaka mingi huenda ukahitaji kurudiwa.

Hapa lazima niizungumzie jiki, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba choo kinachonukia jiki ndicho choo safi, na imani hiyo tumehama nayo hadi Ulaya. Kwenye kaseti jiki haina kazi nzuri hata moja. Haiyeyushi ukoko wa mkojo. Hudhoofisha raba. Na hatari kubwa ni kwamba ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa ya sumu, na ikikutana na asidi, mathalani siki uliyomimina jana, hutoa gesi ya klorini. Fikiria hilo likitokea kwenye kichumba cha choo cha gari, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya baridi.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi hulisahau: hewa. Gari likipanda milima ya Alpi, au likiegeshwa juani, shinikizo ndani ya kaseti huongezeka. Kaseti ina vali ndogo ya kupumulia, nayo ikizibwa na ukoko au raba yake ikinata, hewa ile husubiri mtu afungue kilango. Anayefungua hupokewa na mvuke wa harufu, pengine na marasharasha, kisha analaumu dawa. Kusafisha vali hiyo si kazi kubwa. Ni kujua tu kwamba ipo.

Wanaotetea dawa wana hoja, na sitaki kuipuuza. Dawa nzuri husaidia kuvunja kinyesi na karatasi, na hupunguza gesi wakati wa joto. Mtu anayekaa na kaseti siku tatu kusini mwa Hispania mwezi wa Julai, bila mahali pa kumwagia, anahitaji kitu. Ninachokataa ni mpangilio: dawa kwanza, uchunguzi baadaye au usifanyike kabisa. Wakati mwingine maji tu yanatosha. Lita moja au mbili zikitangulia kwenye kaseti tupu, kinyesi hakigandi chini, na kaseti ikimwagwa mapema badala ya kungojwa ijae, harufu haipati muda wa kukomaa. Wapo pia waliofunga feni ndogo ya volti 12, mfumo wa Kijerumani uitwao SOG, inayovuta hewa kutoka kwenye kaseti na kuipeleka nje kila kilango kinapofunguliwa. Wengi wenye mfumo huo husafiri bila dawa kabisa.

Tena si kila dawa ni ya kuongezwa bila kujali. Zile zenye fomaldehaidi huzuia harufu kwa kuua bakteria, na bakteria haohao ndio wanaofanya kazi kwenye mashimo ya septiki. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliamua kwamba fomaldehaidi husababisha saratani kwa binadamu, na California imepiga marufuku kuuza dawa za vyoo vya magari zenye kemikali hiyo. Kwa hiyo anayekuambia umimine vipimo viwili badala ya kimoja anakuongezea hatari, na sili yako bado inavuja.

Na yule wa tatu, anayesema ubadilishe choo kizima? Bakuli la plastiki halichakai kwa miaka michache, na spea za aina za zamani bado zinauzwa. Bei ya sili ni sehemu ndogo sana ya bei ya choo kipya. Zaidi ya hapo, choo kipya kinakuja na sili ileile, na mwenyewe akiendelea kulaza gari majira ya baridi kilango kikiwa kimefungwa juu ya raba kavu, atarudi karakana na malalamiko yaleyale. Kilango kibaki wazi kaseti ikiwa imehifadhiwa. Na kikikwama, kisilazimishwe. Mimina maji ya uvuguvugu, subiri raba iachie, kisha jaribu taratibu. Vitasa vingi vilivyovunjika nilivyoviona vilivunjwa kwa nguvu za mkono wakati ambapo nusu saa ya subira ingetosha.

Suala la dawa na septiki limefika hata kwetu Afrika Mashariki. Kila mwaka kuna wasafiri wanaoshuka na magari yao kutoka Ulaya hadi Kenya na Tanzania, na kambi nyingi wanazolala hazina mahali maalumu pa kumwaga kaseti. Kuna choo cha shimo au septiki. Kaseti moja yenye dawa ya fomaldehaidi kwenye septiki kubwa haitaleta maafa. Magari yakifuatana msimu mzima kwenye septiki ndogo, bakteria hufa, uchafu hauvunjwi, na gharama ya kuita gari la kunyonya humwangukia mwenye kambi. Ana haki ya kumuuliza mgeni ametumia dawa gani kabla ya kumwonyesha shimo, na mgeni aliyetumia ya fomaldehaidi aambiwe asimwage hapo.