Beringi Haina Kosa

Kila mashine yetu ya milingi inapoanza kulia, ofisi huuliza swali moja tu: beringi mpya ni bei gani? Swali hilo ndilo ugonjwa wenyewe.

Nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi, na mwaka huu mimi na fundi wa karakana tumeifungua giaboksi ile ile mara mbili. Beringi zake ni namba 6205: chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha mara tano, unapata tundu la milimita 25. Madukani zimejaa, na bei yake haimtishi mtu. Kinachotisha ni tulichokikuta ndani. Mchanga wa kusubia chuma bado umeganda kwenye kona za kasha, na matundu ya kukalia beringi hayakutobolewa kwenye mstari mmoja. Chembe za mchanga zikiingia kwenye oili, gololi huzisaga juu ya njia yake mpaka chuma kichubuke. Shafti ikikaa upande, gololi hubeba mzigo zisioundiwa. Humo hata beringi bora kabisa itakufa mapema.

Tunaambiwa, "Hiyo ni ya kufundishia tu." Tu? Mwanafunzi anayejifunza kwenye mashine inayotetemeka anajifunza kwamba kipimo sahihi ni bahati. Kesho huyo huyo atachonga shafti ya pampu ya maji ya kijiji.

Wengine husema bila mashine za bei ya chini tusingekuwa na mashine kabisa. Hoja hiyo naiheshimu. Basi tununue, lakini tuhesabu gharama yote: kuifungua kabla haijawashwa, kuosha kasha, kupima matundu, kuchonga upya yaliyokwenda upande na kuyavalisha bushi, ndipo tufunge beringi na sili mpya. Tena fundi aketi kwenye kamati ya zabuni, na sahihi yake itangulie malipo. Leo huitwa mashine ikishakwama, kisha analaumiwa yeye.

Rahisi ghali, walisema wazee. Sisi tumepata ujanja wa kuilipa ghali hiyo kidogo kidogo, beringi moja moja, ili isionekane kwenye hesabu za mwaka.

Beringi za tatu zimeshaagizwa. Zikifika, zikae kwenye boksi lake mpaka kasha litoke kuchongwa.