Kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea, chimba shimo kwanza



Mavuno yakiisha huku kwetu Babati, swali linalonifikia zaidi siku hizi siyo la mbegu wala mbolea. Ni hili: "Afisa, nina Massey Ferguson ya zamani, je naweza kutengenezewa sabusoila hapa hapa mtaani?" Sabusoila ni lile jembe la jino moja refu, linaloshuka chini zaidi ya jembe la sahani na kupasua tabaka gumu bila kuugeuza udongo. La kiwandani bei yake wengi hatuiwezi. Wapo wenzangu wa ugani wanaosema mkulima asijaribu, bora asubiri. Mimi sikubaliani nao. Litengenezwe. Ila wengi wenu mnaanza na fundi, na hapo ndipo hela inapopotea.

Anza na shimo. Chimba sehemu tatu au nne za shamba, kina cha nusu mita. Chukua kisu, choma ukuta wa shimo kuanzia juu kushuka chini. Kisu kikianza kugoma, pima hapo. Kwenye mashamba yaliyolimwa kwa sahani kina kilekile mwaka hadi mwaka, mara nyingi kinagoma kati ya sentimita 15 na 30, na utakuta mizizi ya mahindi imepinda kwenda pembeni kama imekutana na sakafu. Kisu kikishuka bila kugoma, huna tatizo hilo, tunza hela yako. Kikigoma, angalia ugumu unaishia wapi. Jino lipite sentimita 5 hivi chini ya hapo, inatosha. Kushuka sentimita 50 kwa sababu jirani ameshuka 50 ni kuchoma dizeli bure.

Ukishajua kina, ndipo uzungumze na fundi. Kwa trekta ya nguvu farasi 50 hadi 60, mfano MF 240 au 165, panga jino moja tu. Ukiweka mawili, kwenye udongo mkavu matairi yatazunguka palepale.

Hapa nikiri kosa langu. Jembe la kwanza nililoshauri litengenezwe, tulitumia springi za lori. Springi ni chuma kigumu, kweli, na kwa ncha inafaa. Lakini sisi tuliichomelea moja kwa moja kwenye fremu. Siku ya pili ikakatika, tena pembeni kabisa mwa mshono. Chuma cha aina ile kikipata moto mkali halafu kikapoa haraka, kinavunjika kama kioo. Tukaongeza mshono juu ya mshono, ikakatika tena. Mkulima yule alikuwa ameuza mahindi ya chakula kulipia kazi ile. Sijasahau. Kwa hiyo siku hizi nasema: springi iwe ncha tu, na ifungwe kwa boliti ili ikilika uibadilishe. Jino lenyewe liwe bamba nene la milimita 25 hadi 30. Na vipimo vya kufungia kwenye mikono ya trekta usikisie. Pima pini na upana wa jembe la sahani ulilo nalo, kisha nakili.

Jambo lingine ni boliti ya kukatika. Jino lishikwe na boliti mbili: moja nene ya kuzungukia, na nyingine nyembamba ya chuma laini, ambayo jino likigonga jiwe au kisiki inakatika yenyewe. Mafundi wengi wanaona huo ni udhaifu, wanachomelea kila kitu. Madereva nao, ikikatika mara mbili, wanaweka kipande cha nondo. Jamani, ukigonga jiwe lazima kitu kikubali. Ukiizuia boliti, itapinda mikono ya trekta, au trekta yenyewe itanyanyuka mbele. Trekta hizi za zamani mbele ni nyepesi, kwa hiyo ongeza uzito mbele. Jino likinasa, usikanyage mafuta. Kanyaga klachi, simamisha, inua kwa haidroliki. Usikate kona jino likiwa ardhini. Na kamwe usivute kitu kilichonasa kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli ya nyuma. Trekta inapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva, na hapati muda wa kuruka.

Kazi yenyewe ifanyike udongo ukiwa mkavu, kwetu ni kati ya Agosti na Oktoba. Udongo mkavu unapasuka hadi pembeni mwa mstari. Ukiwa na maji, jino linaukata tu kama sabuni na kuubana upya. Ukishapita mistari miwili, simama, chimba tena shimo kukatiza mstari, uone kama kweli pamepasuka.

La mwisho, na hapa najua wengine hamtanipenda. Ukipasua Septemba, halafu Desemba ukarudisha sahani na kuingiza trela lililojaa kwenye udongo mbichi, sakafu itarudi. Baada ya kupasua, panda kwenye mistari ile ile, acha mabua shambani, changanya mahindi na mbaazi maana mizizi yake inakwenda chini sana. Ukifanya hivyo, hutahitaji jembe hilo kila mwaka. Ndiyo maana kwa maoni yangu kila mmoja kujitengenezea lake ni kupoteza. Kikundi kichangie moja, lililotengenezwa vizuri, lizunguke mashamba yote.

Shimo halina gharama. Lichimbe wiki hii, halafu tuzungumze.