Kadi Iliyorudi Bila Neno

Mwaka jana darasa langu hapa Kiriri liliandika kadi kwa mkono, kwa Kiswahili, kuwapelekea wanafunzi wenzao wa Kigoma. Bujumbura na Kigoma ziko kando ya ziwa moja, Tanganyika. Baada ya miezi mitano kadi zilirudi, stempu zimegongwa muhuri, pasipo maelezo yoyote.

Silalamikii kuchelewa tu, nalalamikia kimya. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Bern mwaka 1874, zinataka barua inayorudishwa ionyeshe sababu. Je, mpokeaji amehama? Hakwenda kuichukua? Huenda sisi wenyewe tulikosea namba ya sanduku la posta. Tutajuaje?

Wapo watakaosema, “Tumieni simu.” Hilo si jibu. Aliyenunua stempu amelipia huduma, naye anastahili kuelezwa kwa nini hakuipata.

Kwa hiyo, kadi yako ikirudi, usiitupe bahasha. Ndiyo shahidi wako. Ipeleke dirishani, uulize kwa adabu, “Imerudi kwa sababu gani?” Usiondoke kabla hujajibiwa. Raia asipouliza, ofisi huzoea kunyamaza.