Biharusi Mwenye Sukari Asivuliwe Sensa Yake



Leo tunaziweka kando rangi za shela na mitindo ya lesi. Tunataka kusema na nyinyi kuhusu kidude cha duara, kama sarafu kubwa, ambacho baadhi ya maharusi wanaokuja kupima kwetu wanakuwa wamekibandika nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Wenyewe wanakiita sensa (si ile ya watu na makaazi). Kinapima sukari usiku na mchana na kuipeleka kwenye simu, ili mwenye kisukari asijidunge vidole kutwa nzima. Na kila akija biharusi mwenye kidude hiki, ombi ni lile lile, tena mara nyingi halitoki kwake mwenyewe bali kwa mama, shangazi au somo: "Siku ya harusi atakivua, musijali, mumshonee mkono wa kubana." Picha zisiharibike, wakwe wasiulize. Na kidude kikianza kupiga kelele za hitilafu wiki ya harusi, ndiyo kinamaliziwa kabisa: "Si munaona, hakifanyi kazi hata hivyo. Kitoeni."

Sisi mafundi tunasema kisitolewe. Na hizo hitilafu za wiki ya harusi, nyingi zina sababu zinazojulikana, na sehemu kubwa ya sababu hizo ni sisi wenyewe tunaomsinga, tunaompamba na tunaomvisha.

Kwanza, sensa si hereni, uivue leo uirudishe kesho. Ina kijiuzi laini kinachoingia chini ya ngozi. Ikishatoka imekufa, harudi nayo mtu. Libre 2 inakaa siku 14, Dexcom G6 siku 10, na bei yake si ya mchezo. Wengi hapa visiwani wanaletewa na ndugu walioko Oman, Dubai au Uingereza, kwa hiyo ukisema "ivue kwa siku moja" umetupa kitu ambacho mtu alikisubiri mwezi mzima. Na umemuacha biharusi bila mlinzi siku ambayo sukari yake itapanda na kushuka kuliko siku zote.

Tazameni hiyo siku ilivyo. Asubuhi hali, tumbo limejaa wasiwasi. Insulini kesha piga, au kapiga nusu kwa kukisia. Saa nne kwenye kiti cha mpambaji, saa mbili garini na kwenye picha, ukumbini analishwa halua na juisi mbele ya watu. Sukari ikishuka, dalili zake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuzubaa. Nani atajua? Sote tutasema ni haya za biharusi, tumpepee. Hapo ndipo mtu anapoanguka.

Sasa tuje kwenye hitilafu zenyewe. Tumejifunza kwa wateja wetu wenyewe, wanaoishi na maradhi haya miaka na miaka na kuhudhuria kliniki. Sisi kazi yetu ni futi na mkasi.

Inayotuhusu zaidi sisi mafundi ni ya kubanwa. Sensa haisomi damu. Inasoma majimaji yaliyo chini ya ngozi. Pale pakigandamizwa, majimaji yanasogea, na sensa inasema sukari imeshuka kumbe iko sawa. Anayelalia mkono wake usiku analijua hili, simu inalia saa nane za usiku, akigeuka ubavu namba inapanda yenyewe. Mkono wa gauni la lesi uliobanwa mpaka damu inasita unaweza kufanya hivyo hivyo, tena ukumbini, kwa saa tano. Matokeo yake ni mawili na yote mabaya. Ama wanamshindilia soda wakati hana shida, sukari inaruka juu kweli, ama wanazoea kuwa "hiyo inalia ovyo tu", na ikilia kwa haki hakuna anayegeuka. Hili la pili ndilo linalotutia hofu.

Na dawa yake ni ya cherehani tu. Mkono ule tunauongeza sentimita mbili au tatu kwenye mzunguko, bitana tunaweka ya pamba laini, mshono hatuupitishi juu ya sensa, stoni na shanga tunazianza chini ya kiwiko. Kwa mbali huoni tofauti ya mkono wa kulia na wa kushoto. Fundi akikwambia haiwezekani, basi hajataka kujisumbua.

Ya pili ni singo. Hapa kina somo watusamehe, maana mapenzi yao kwa biharusi hayana shaka. Liwa, karafuu, mawaridi, mafuta ya nazi, yote yanapakwa mwili mzima na kusuguliwa siku kadhaa. Gundi ya sensa haipendi mafuta. Ikibandikwa kwenye ngozi iliyopakwa, haishiki, inaning'inia upande, inasoma vibaya au inakatika kabisa. Kwa hiyo ibandikwe kabla singo haijaanza, kwenye ngozi iliyooshwa kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa vizuri, na somo aache pale mahali upana wa kiganja, asisugue wala asikande. Kiganja kimoja tu cha ngozi kisichonukia mawaridi. Bwana harusi hatakiona.

Na wala isibandikwe asubuhi ya harusi. Sensa mpya ina muda wa kujiandaa kabla haijaanza kusoma, saa moja kwa Libre 2, saa mbili kwa Dexcom G6, na siku ya kwanza namba zake huwa bado hazijatulia. Hesabuni siku nyuma, itiwe siku tatu nne kabla ya shughuli.

Kuna jambo jengine linalopita kimyakimya. Maharusi siku hizi wanakunywa vitamini C, vile vidonge vikubwa vya kuyeyusha kwenye maji, ili uso ung'are. Libre 2 ina onyo lake wazi kwamba zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kuifanya isome sukari juu kuliko ilivyo. Maana yake sukari imeshuka kweli, na simu inakuambia uko salama. Someni kwenye boksi la vidonge, vingi vimeandikwa 1000. Mwenye sensa amuulize daktari wake kwanza, uso ungoje.

Simu nayo! Ukumbini simu ya biharusi inachukuliwa na binamu wa kupiga picha, anazunguka nayo meza zote. Sensa ya aina hii inazungumza na simu kwa Bluetooth, kiasi cha mita sita hivi, na ukuta ukiingia kati ni pungufu. Ikiandika kuwa mawasiliano yamepotea haijaharibika, simu tu iko mbali, au Bluetooth imezimwa, au simu imewekwa kimya mpaka na kengele za sensa zimezimika. Simu ikae kwa dada mmoja anayekaa nyuma ya kiti cha biharusi, picha zipigwe kwa simu nyengine. Na siku za fungate pia, simu isiachwe sebuleni ikichajiwa.

Kuna ile hitilafu inayosema "jaribu tena baada ya dakika kumi". Watu wanaiona wanaing'oa sensa hapo hapo. Jamani, imesema ngoja. Ngojeni. Mara nyingi inarudi yenyewe. Hata mwili ukipata joto kali inaweza kugoma mpaka upoe. Ikifa kabisa kabla ya siku zake, musiitupe, wekeni pamoja na boksi lake lenye namba, kwa sababu aliyeinunua huko nje anaweza kudai nyengine kwa kampuni.

Lakini la msingi kuliko yote, sensa hata ikiwa nzima haitoshi peke yake. Inachelewa nyuma ya damu dakika kadhaa, na sukari inapokimbia kwenda juu au chini ndipo inapoachwa nyuma zaidi. Kwa hiyo kwenye kipochi cha biharusi, pamoja na udi na wanja, iwemo mashine ya kudunga kidole na vijiti vyake. Sensa ikigoma, dunga kidole. Namba ikipingana na anavyojisikia, dunga kidole. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, maana kidole chenye halua kitakupa namba ya halua. Na hina pia, ile ya kulainishwa kwa ndimu na sukari, inabaki kwenye ncha za vidole. Oshani.

Ikiwa chini ya 4, apewe sukari ya haraka, kiasi cha gramu 15. Nusu glasi ya soda ya kawaida inatosha, si ile isiyo na sukari, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Baada ya dakika 15 apimwe tena kwa kidole, maana sensa wakati huo bado inasoma ya nyuma. Halua si dawa hapo, ina samli, inachelewa kufika. Na akiwa amepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali na shela lake hivyo hivyo. Kama mashine haipo karibu na dalili zipo, apewe soda kwanza, maswali baadaye.

Tumeulizwa na ya ibada. Udhu unaosha mikono mpaka viwiko, na sensa ya nyuma ya mkono iko juu ya hapo, haina ugomvi na udhu. Kwa josho, muulizeni sheikh munayemuamini, na mumueleze vizuri kuwa kidude hakivuliki bila ya kuharibika. Na kwenye Ramadhani, kupima sukari kwa sensa au kwa kidole hakubatilishi funga, hili wanazuoni na madaktari wamelisema pamoja. Anayejizuia kupima mpaka magharibi kwa hofu ya funga yake anajitia hatarini bure.

Limebaki la wakwe. Tunajua mama anaogopa nini. Anaogopa kusikia "wametupa mgonjwa". Lakini bwana harusi atalala chumba kimoja na sensa hiyo, na italia usiku. Bora aijue kabla ya nikaha, aonyeshwe mashine, aonyeshwe soda inakaa wapi, kuliko kuamka saa tisa za usiku na mke anayetetemeka na hajui ni nini. Mume asiyetaka kujua hilo kabla ya nikaha, sisi kwa upande wetu tungesitasita kulipiga pasi hilo shela.

Kwa hiyo maharusi watarajiwa, mukija kupima, semeni mapema ni mkono upi. Musivae sweta juu yake na kutuficha mpaka siku ya kujaribisha, maana hapo kitambaa kishakatwa na nafasi ya kuongeza haipo. Hatutauliza mengi. Tutaandika pembeni ya vipimo vyako "kushoto, sensa", basi, na dada wa kushika simu uje naye siku hiyo hiyo tumuoneshe zipu ilipo.